Sayyid Said bin Sultan: Mtawala Aliyesafiri na Mbao za Sanduku Lake

Wasomaji wetu, na hasa ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi, leo twawaletea maisha ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, ambaye alifariki dunia ndani ya merikebu yake katika Bahari ya Hindi tarehe 19 Oktoba, 1856. Jina lake limekwisha kuandikwa katika vitabu vingi kwa sababu ya karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa, nasi hatukusudii kuyarudia yote hayo. Twataka kumtazama kwa upande mmoja ambao waandishi wengi huupita mbio, yaani namna mtu huyu alivyojiandaa kwa kifo chake, na namna alivyoliacha jambo moja kubwa bila ya kulisema mbele ya wanawe.

Twaandika haya kwa sababu kazi yetu hutufikisha milangoni mwa wafiwa. Afisa wa uhusiano hapeleki habari za magwaride na michezo peke yake. Ziko siku hutumwa kupeleka habari ile ambayo hakuna apendaye kuipeleka. Tumepata kuingia katika nyumba ya sajini mmoja ambamo mjane hakujua kama mumewe ana deni, wala alipenda azikwe wapi, wala fomu ya warithi aliyoijaza siku ya kuandikishwa, akiwa kijana asiye na mke, ilikuwa ingali na jina la nani. Ilikuwa na jina la kaka yake. Matanga yaliisha, ugomvi haukuisha. Tulipouliza kwa nini mambo hayo hayakupata kuzungumzwa, tulijibiwa jibu tulilolizoea, kwamba kutaja kifo cha mtu mwenye afya yake ni kujichuria. Ajabu ni kwamba askari wenyewe husema vivyo hivyo, nao ndio watu wanaoaga nyumbani asubuhi wakiwa na bunduki begani.

Sayyid Said alizaliwa Sumail, bara ya Omani, yapata mwaka 1791. Baba yake, Sayyid Sultan bin Ahmad, alikuwa mtawala wa Maskati na mtu wa vita. Mwezi wa Novemba, 1804, akirejea kwa bahari kutoka Basra, Sayyid Sultan alishambuliwa usiku na maadui zake karibu na Lingeh, upande wa Uajemi, akauawa. Alizikwa huko huko Lingeh, mbali na watu wake. Alikuwa amewaachia wanawe mlezi, lakini wanawe, Salim na Said, walikuwa bado wadogo, na mara ile jamaa za marehemu wakaanza kuinyang'anya nchi. Kijana Said alikuwa na umri wa yapata miaka 13. Twaomba msomaji aikumbuke picha hii ya mtoto ambaye baba yake amefia baharini na ambaye ami na binamu wanagombea ngome za baba yake, maana tutairudia.

Aliyemwokoa ni mwanamke, shangazi yake Bibi Moza bint Ahmad, mwenye akili na ujasiri kuliko wanaume wengi wa zama zake. Bibi huyo alimwita Badr bin Saif, binamu yao, aje awasaidie watoto. Badr akaja, akasaidia, kisha akaona utamu wa kukaa juu. Mwaka 1806 Said alimchoma Badr kwa jambia, na tangu siku hiyo akawa ndiye mwenye nguvu Omani, ingawa mwanzoni alitawala pamoja na ndugu yake Salim mpaka Salim alipofariki mwaka 1821. Hivyo ndivyo mtu wetu alivyoingia madarakani. Hakupewa utawala kwa hati. Aliutwaa kwa chuma, kwa kuwa hapakuwa na hati.

Vita vyake tutavipitia kwa haraka, ingawa askari hupenda vita kuelezwa kirefu. Mwaka 1820 alikwenda pamoja na Waingereza kuwapiga Bani Bu Ali, wakashindwa vibaya, na yeye mwenyewe akapigwa risasi mkononi. Mwaka uliofuata walirudi kwa jeshi kubwa zaidi na kushinda. Alifika Unguja mara ya kwanza mwaka 1828. Mombasa ilimsumbua miaka mingi kwa sababu ya Mazrui, mpaka alipoipata mwaka 1837. Alifanya mikataba ya biashara na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844. Mwaka 1840 merikebu yake Sultana ilitia nanga New York. Alihamishia baraza lake Unguja, akakaa Mtoni, akawahimiza wenye mashamba wapande mikarafuu. Misafara ya raia zake iliingia bara hadi huku kwetu. Mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim alifika katika kasri ya Kabaka Suuna, na kwa njia hizo ndipo lugha hii tunayoiandikia ilipopata kusikika Uganda.

Hapana budi pia kusema, ili tusimsifu mtu kwa upofu, kwamba mikarafuu hiyo ilipandwa na kuchumwa na watumwa, na pembe hizo zilibebwa kwa mabega ya watu waliokwisha nyang'anywa makwao. Mikataba ya mwaka 1822 na ya mwaka 1845 aliyotiliana saini na Waingereza ilipunguza eneo la biashara hiyo bila ya kuikomesha. Tutakaposema kidogo mbele kwamba aligawa mali yake, msomaji ajue ni mali ya namna gani.

Sasa tuje kwenye jambo letu. Sayyid Said alikuwa na watoto wengi kwa masuria wengi. Alipokufa waliobaki hai walikuwa zaidi ya 30, wa kiume na wa kike, waliokulia katika majumba mbalimbali, kila mmoja na mama yake na watumishi wake. Binti yake mmoja, Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, baadaye alikwenda Ujerumani na kujulikana kwa jina la Emily Ruete, na mwaka 1886 akatoa kitabu cha kumbukumbu zake. Kwa kitabu hicho twajua mengi ya ndani ambayo makonsuli wa Kizungu hawakuweza kuyaona.

Mwaka 1850, akiwa bado ana nguvu, Sayyid Said aliandika wosia. Katika sheria ya Kiislamu jambo hili lina mpango wake ulio wazi: kwanza hutolewa gharama za mazishi, kisha hulipwa madeni, kisha hutekelezwa wosia usiozidi thuluthi, na kinachosalia hugawiwa warithi kwa mafungu yaliyokwisha amriwa, mtoto wa kiume akipata mara mbili ya mtoto wa kike. Mtu mwenye mali nyingi na watoto wa mama tofauti ana haja kubwa ya kuweka mambo yake kwenye karatasi, naye aliweka. Alipokufa, mali yake binafsi iligawiwa wanawe na binti zake. Salme, ambaye alikuwa msichana wa miaka 12, alipata fungu lake la shamba na la fedha. Katika jambo hilo la mali twaweza kusema kwamba mtawala huyu aliwashinda wengi wetu tulio na mishahara midogo na ambao bado twasema tutaandika mwakani.

Lakini wosia huo wa mwaka 1850 ulinyamaza katika jambo la utawala. Nani atakaa Maskati? Nani atakaa Unguja? Je, nchi hizi mbili zilizotengwa na bahari zibaki chini ya mtu mmoja, au zigawanywe? Si kwamba hakuwa amelifikiri. Mwaka 1844, baada ya kuwa amekwisha mkasirikia mwanawe mkubwa, Hilal, na kumnyima urithi wa madaraka, alimwandikia barua Lord Aberdeen, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, akimjulisha kwamba angependa Khalid ashike upande wa Afrika na Thuwaini ashike Omani. Hilal alisafiri mpaka London mwaka 1845 kwenda kulalamika, hakufanikiwa, na akafia Aden mwaka 1851. Hapo ndipo sisi hushangaa kila tusomapo habari hizi. Neno ambalo baba hakuliweka katika wosia wake, na ambalo hakulikata mbele ya wanawe wote waliokaa pamoja, alilipeleka kwa waziri wa nchi ya kigeni, safari ya miezi mingi kwa merikebu.

Tusimhukumu kwa wepesi, hata hivyo. Kwa mila ya Waomani wa madhehebu ya Ibadhi, uongozi haukuwa mali ya kurithiwa kama shamba. Uliangukia kwa yule ambaye watu walimkubali, au, kwa ukweli zaidi, kwa yule aliyekuwa na nguvu. Na mtu aliyemwua binamu yake akiwa kijana alijua vema kwamba kumtaja mrithi hadharani ni kumpa mrithi huyo sababu ya kuona siku zinakwenda polepole, na kuwapa wasiotajwa sababu ya kununua baruti. Huenda alinyamaza kwa busara. Huenda pia alinyamaza kwa sababu ile ile anayonyamaza sajini wetu, maana baba hapendi kuona nyuso za wanawe zikibadilika anapotaja siku ambayo hatakuwapo. Tunavyodhani sisi, zote mbili zilikuwamo.

Mwezi wa Aprili, 1854, Sayyid Said aliondoka Unguja kwenda Omani, ambako Waajemi walikuwa wakimsumbua kwa ajili ya Bandar Abbas. Alimwacha Khalid mahali pake. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Khalid akafa. Jina moja kati ya yale mawili yaliyokuwa katika barua ya mwaka 1844 likawa limefutwa. Mzee akamweka Majid, kijana wa yapata miaka 20 aliyesumbuliwa na kifafa, awe liwali wa Unguja. Je, huo ulikuwa uliwali wa muda tu, au Majid alirithi pia ahadi aliyopewa Khalid? Hapakutoka maelezo yaliyowafikia watu wote. Thuwaini, huko Maskati, alilifahamu jambo kwa namna yake. Majid, huku Unguja, kwa namna yake. Fomu ilikuwa na jina la marehemu, nayo haikubadilishwa.

Waliokwisha shika vyeo watatambua kosa hili mara moja. Kamanda msaidizi akianguka, huteuliwa mwingine siku ile ile na kutajwa mbele ya kikosi kizima, wala hakuna asemaye kwamba kufanya hivyo ni kumwombea kamanda mabaya.

Baada ya kupatana na Waajemi mwaka 1856 kwa masharti yasiyompendeza, Sayyid Said alipanda merikebu yake Victoria mwezi wa Septemba kurejea Unguja, akifuatana na mwanawe Barghash, kijana wa miaka karibu 20. Alikuwa na umri wa yapata miaka 65. Ndipo lilipotokea jambo lililokaa katika kumbukumbu za jamaa zake, nalo limo katika masimulizi ya binti yake. Kabla ya kutweka, mzee aliamuru zipakiwe mbao za kutosha kutengenezea sanduku la maiti. Kadhalika aliamuru kwamba mtu yeyote atakayefariki safarini asitupwe baharini kama ilivyokuwa desturi ya mabaharia, bali maiti yake ifikishwe Unguja izikwe.

Zimesemwa habari nyingi za kuota na kuagua kuhusu mbao hizo. Sisi hatuoni uaguzi wowote. Twaona mzee mwenye jeraha la zamani la paja, anayejua urefu wa safari na ubaya wa maji ya mapipa, na ambaye baba yake mzazi alilala katika udongo wa Lingeh kwa sababu hakuna aliyeweza kumrudisha nyumbani. Alitoa amri iliyo wazi, kwa sauti, mbele ya mabaharia, akiwa bado anaweza kutoa amri. Hakuna aliyedhurika kwa kuisikia.

Katikati ya mwezi wa Oktoba jeraha lilimrudia na tumbo la kuhara damu likamshika. Tarehe 19 akafariki, karibu na visiwa vya Shelisheli. Amri yake ikatekelezwa: mbao zikapigiliwa, maiti ikatiwa sandukuni, merikebu ikaendelea na safari. Mwili ulifika. Kila alichokuwa amekiamuru kwa maneno ya wazi kilifanyika kama alivyokiamuru.

Kile ambacho hakukiamuru kilianza usiku ule ule wa kufika, tarehe 25. Majid alikuwa amesikia kwamba merikebu zinaonekana, akatoka kwa mashua kwenda kumlaki baba yake, asijue kwamba anamlaki maiti; wakapishana gizani. Barghash akashuka pwani kwa siri na mwili wa mzee, akauzika usiku bila ya mji kujua, kisha akajaribu kuitwaa ngome. Jemadari wa askari wa Kibaluchi waliokuwa wakiilinda alikataa kuikabidhi. Jemadari huyo historia haikumpa nafasi kubwa, lakini tulio na kofia vichwani twapaswa kumfikiri kidogo. Usiku, mlango wa ngome wagongwa, mwana wa bwana wako ataka umfungulie, na bwana wako mwenyewe hakupata kukuambia baada yake umtii nani. Mfalme anapoliacha neno hili bila kulisema, mwenye kuulizwa jibu ni mlinzi wa zamu.

Mji ulipoamka ulijua kwamba mtawala wake amekufa na amekwisha zikwa. Salme anasimulia jinsi vilio vilivyolipuka katika majumba. Majid akatangazwa kuwa mtawala wa Unguja, lakini Thuwaini hakuridhika. Mara ya kwanza walipatana kwamba Majid apeleke Maskati riale 40,000 kila mwaka. Kisha malipo yakasimama, na mwaka 1859 Thuwaini akatweka na jeshi lake kuja kuichukua Unguja, Waingereza wakamzuia njiani. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Barghash naye aliasi. Alitoroshwa nyumbani kwake akiwa amevaa nguo za kike, akajifungia na watu wake katika shamba la Marseilles. Dada zake, pamoja na Salme aliyekuwa na miaka 15, walimsaidia, Salme akiwa ndiye mwandishi wa barua zao kwa kuwa alijifunza mwenyewe kuandika. Askari wa Majid wakisaidiwa na mabaharia wa Kiingereza waliwavunja. Watu wengi walikufa ambao hawakuwa na fungu lolote katika urithi ule. Barghash akapelekwa Bombay.

Tarehe 2 Aprili, 1861, Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, ndiye aliyetoa uamuzi: Omani kwa Thuwaini, Unguja kwa Majid, na Unguja ilipe riale 40,000 kila mwaka pamoja na malimbikizo ya 80,000. Basi mgawanyo ule ambao baba aliufikiri mwaka 1844 ndio uliokuja kufanyika baada ya miaka 17, lakini kwa mkono wa mgeni, na mgeni akishakukatia mirathi haondoki upesi nyumbani mwako. Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Sababu za jambo hilo ni nyingi, nasi hatudai kwamba wosia mmoja ungaliweza kuizuia. Lakini mlango mmojawapo ulifunguliwa na ugomvi huu.

Tuseme neno moja la sheria, kwa kuwa tumeulizwa mara nyingi. Sheria ya Urithi ya Uganda inamtambua askari kwa namna ya pekee. Askari aliye katika vita anaweza kutoa wosia hata kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili waliopo pamoja, jambo ambalo raia haruhusiwi. Lakini wosia huo wa mdomo una uhai mfupi. Mtu akitoka vitani, baada ya mwezi mmoja haufai tena. Kwa hiyo maneno yaliyosemwa handakini yaandikwe mtu arudipo kambini, yatiwe saini mbele ya mashahidi, na mke aambiwe karatasi ilipo. Asiyeandika, sheria humgawia: tangu marekebisho ya mwaka 2022, watoto na wajukuu hupata asilimia 75 ya mali, mjane au wajane 20, wategemezi wengine 4, na mrithi wa kimila 1. Mafungu hayo huenda yakampendeza mtu au yasimpendeze. Ya Polisi wasidhani yamewapita. Wao hawana wosia wa mdomo wa vitani, nao pia huondoka asubuhi.

Thuwaini hakufika mbali. Mwezi wa Februari, 1866, aliuawa na mwanawe mwenyewe, Salim. Majid alifariki mwaka 1870, na ndugu yake Barghash, aliyekwisha rudishwa kutoka Bombay, akakaa mahali pake hadi mwaka 1888. Salme aliondoka Unguja mwaka 1866, akafa Ujerumani mwaka 1924.

Kaburi la Sayyid Said lingalipo Unguja, katika makaburi ya Makusurani. Majid alianza kulijengea kuba, lakini halikumalizwa, kwa kuwa Waibadhi hawapendi makaburi yapambwe. Majid mwenyewe alizikwa katika uwanja huo huo, na Barghash pia.